Yenye Onyo Ndiyo ya Kweli

Mtu niliyemchukia kuliko wote katika maisha yangu hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Aliziuza, alizigawa bure, alizitangaza kwenye spika, alipachika moja nyuma ya sikio kila asubuhi kama sehemu ya sare, lakini kinywani mwake haikuingia. Nilimchunguza kwa miaka mingi kabla ya kuandika maneno haya. Mtu yeyote wa kijiji chetu cha Gitting mwenye umri wangu atawaambia ni kweli.

Alikuwa kijana wa jirani yetu. Shamba lao na letu yalitenganishwa na mstari wa mkonge, na kanisani aliimba besi. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Arusha kutafuta kazi, akarudi na pikapu nyeupe ya kampuni ya sigara, spika mbili juu ya paa na picha ya pakiti mlangoni. Tukamwita yule wa gari, na mimi nitaendelea kumwita hivyo, maana jina lake silitaki kwenye karatasi yangu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Duka la ushirika lililokuwa na sabuni za mche na rafu tupu lilifungwa, na mnadani Katesh vikaanza kumwagwa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona: mitumba ya mafungu, redio ndogo za betri, biskuti za kila rangi. Sisi tuliozoea foleni ya sukari tulidhani neema imeshuka. Hatukujua kwamba mlango ukifunguliwa hauchagui nani aingie.

Lakini siwezi kusema habari za yule wa gari kabla ya kusema habari za ng'ombe wawili wa baba.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi, maharage na ngano kidogo, na zizini alikuwa na ng'ombe saba. Zamani ng'ombe wote wa kijiji waliogeshwa kwenye josho la serikali. Josho lilipokauka, kila mtu akaambiwa ajinunulie dawa yake ya kupe. Wauzaji wakatokea mnadani na dawa imemiminwa kwenye chupa za soda, haina karatasi, haina jina. Baba akanunua, akawanyunyizia ng'ombe wake kwa bidii kama mtu anayebatiza. Kupe hawakufa. Waliokufa ni ng'ombe wawili, kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, katika juma moja.

Nilikuwa darasa la sita. Baba alijua kusoma herufi kubwa za kitabu cha nyimbo, lakini herufi ndogo zilimshinda, kwa hiyo baada ya msiba ule wa zizini akanifanya macho yake. Kila mnada nilimfuata, nikageuza makopo na kumsomea. Yale makopo ya kweli yalikuwa yamezibwa kiwandani, yana picha ya fuvu na mifupa miwili, yana neno HATARI, yanasema vaa glavu, weka mbali na watoto. Chupa za soda hazikusema lolote. Siku moja nikamwambia baba mbele ya wanaume wengine: "Baba, yenye onyo ndiyo ya kweli. Anayeuza maji hana haja ya kumwonya mtu."

Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Aliyarudia maneno yale nje ya kanisa, aliyarudia kwenye harusi, aliwapelekea marafiki zake wafugaji wa Gendabi. Watu wakaanza kuja nyumbani na makopo yamefungwa kwenye vitambaa ili binti wa mzee asome. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu na wazee walinisubiri nimalize kuosha vyombo. Ng'ombe wengi walipona kwa sababu ya maneno yale, na hilo nalo ni kweli.

Tumbaku wakati huo ilikuwa kitu cha nyuma ya nyumba. Wazee waliilima wenyewe, wakaikausha juu ya moshi wa jikoni, wakaivuta kwenye kiko. Baba alivuta kiko kimoja kwa siku, baada ya kula, na kingine kama kuna wageni. Kwenye posa ilikuwa na kazi yake maalumu. Wazee wa kijana wakifika, nyumba ya binti huweka tumbaku mbele yao, na baba wa kijana akiipokea, mazungumzo yamefunguliwa. Akiikataa, ameifunga njia kwa mkono wake mwenyewe na posa imekwisha. Sijawahi kusikia aliyeikataa.

Yule wa gari alikuja kwetu mchana mmoja wa Jumapili, kofia ya kampuni kichwani. Akampa baba shikamoo kwa adabu zote, akakaa, akaweka pakiti mezani. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo.

"Mzee wangu," akasema, "kiko kinakuchosha bure. Kusafisha, kuwasha, kuzima. Hizi ndizo wanazovuta mjini."

Baba hakuigusa. Dawa ya kupe ilikuwa imemfundisha adabu. Akanisukumia mimi pakiti na kusema neno moja tu: "Soma."

Nikasoma jina. Nikasoma kwamba ndani kuna sigara ishirini. Kisha nikaigeuza, kama nilivyozoea kugeuza makopo, na ubavuni nikakuta maandishi membamba yakisema kuvuta sigara ni hatari kwa afya. Nikayasoma kwa sauti. Nikainua macho, nikamwona yule wa gari anatazama miguu yake. Nimeirudia picha ile mara nyingi mno, siwezi kukosea. Alikuwa anangoja kufukuzwa.

"Inasema hatari?" baba akauliza.

"Inasema hatari."

Na kabla mtu hajaniuliza kitu, kwa kiburi changu cha darasa la sita, nikaongeza: "Basi ni ya kweli, baba. Ina onyo."

Baba akacheka kile kicheko chake. Yule wa gari akainua kichwa polepole, akanitazama, kisha naye akacheka, akacheka kuliko sisi wote, akijipiga paja. Baba akafungua pakiti. Hivyo ndivyo sigara ilivyoingia nyumbani mwetu, na aliyeifungulia mlango ni mimi.

Mnada uliofuata nilikuwa nimesimama na kipande cha muwa mkononi nilipoyasikia maneno yangu yakitoka juu ya paa la pikapu. "Wazee wangu, msidanganywe na sigara za magendo! Geuzeni pakiti, tazameni ubavuni! Yenye onyo ndiyo ya kweli!" Watu wakageuza pakiti, wakatazama ubavuni, wakanunua. Wangeachaje kununua? Walikuwa wamepoteza ng'ombe kwa vitu visivyo na onyo. Mtu wa Dar es Salaam angecheka, lakini sisi tulikuwa na sababu zetu.

Nami nilijivuna. Siwezi kulificha hilo. Nilitamani kila mtu pale mnadani ajue kwamba maneno yale yalikuwa yangu.

Yule wa gari alijua kufanya kazi. Alimwekea baba kiti cha plastiki kando ya pikapu, akamvisha fulana na kofia, akampa pakiti mbili za bure kila mnada. Baba alikuwa mzee wa kuheshimika, msuluhishi wa kesi za mipaka, mtu ambaye akisema mvua itachelewa watu wanachelewa kupanda. Wazee walipomwona kakaa pale anavuta taratibu, walijua jambo ni halali. Miezi sita baadaye kiko kilikuwa kimewekwa darini. Mwaka haujaisha, baba alimaliza pakiti nzima kwa siku, na zile mbili za bure hazikumfikisha hata siku ya tatu.

Kijiji kizima kilibadilika naye. Kwenye harusi, sahani ya sigara ilipitishwa kabla ya sahani ya nyama, na aliyeoa bila sahani ya sigara alisemwa mwaka mzima. Kwenye posa, tumbaku ya majani ilionekana ya kishamba, ikawekwa pakiti. Mwalimu wetu alivuta akiwa ubaoni, na vumbi la chaki na moshi vikachanganyika mpaka hatukujua tunakohoa kwa sababu ya kipi. Hakuna aliyeona vibaya. Aliyelalamika aliambiwa anajifanya Mzungu.

Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza kushona, nikanunua cherehani. Nikazaa binti nyumbani, bila mume, na baba badala ya kunifukuza alimpokea yule mtoto akamfanya wake. Alimbeba begani mpaka kisimani. Kisha ukaja mwaka ambao hakuweza kumbeba tena.

Ilianza kikohozi cha asubuhi, ambacho baba alikiita cha baridi. Hanang kuna baridi, tukakubali. Kikawa cha mchana. Mwaka tulipotengwa na Arusha tukawa mkoa wetu wenyewe, wanaume walikusanyika barabarani wakipiga vigelegele kuliko wanawake, na baba alitaka naye aende kusikiliza. Kutoka nyumbani mpaka barabarani ni mwendo wa dakika tano. Alipumzika mara nne, mara ya nne akakaa juu ya gunia la mtu na kusema tumwache hapo hapo, sherehe ataisikia kwa mbali.

Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa kijana, mpole, na alimwuliza maswali machache. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa pakiti kwenye mfuko wa shati la baba, akaigeuza ubavuni na kuweka kidole juu ya yale maandishi membamba.

"Mzee, hapa hamkusoma?"

Baba alinitazama. Kisha akamgeukia daktari. "Macho yangu mabovu, baba," akasema.

Nilikuwa mtu mzima sasa, mwenye mtoto, na ni pale kwenye benchi la hospitali nilipoelewa nilichosoma siku ile mezani. Onyo halikuwa muhuri wa ubora. Lilikuwa onyo. Sikumbuki tulivyopanda gari la kurudi.

Lakini nakumbuka baba alivyoanza kusema tangu tulipofika nyumbani. Hakuwa mtu wa kulaumu, na sasa akalaumu kila siku, hasa nikiwa nimekaa naye. "Kijana yule alinidanganya," alisema. "Aliniweka kwenye kiti kama chambo. Yule ndiye aliyeniua, mwanangu. Usisahau." Alilisema akiwa anakula, alilisema nikimfunga vifungo vya shati, alilisema na pumzi ambazo hakuwa nazo za kutosha. Mwezi wa mwisho alilala amekaa, mito mitatu mgongoni, na bado alilisema. Nami nilimwahidi kwamba sitasahau. Tukamzika upande wa juu wa shamba, karibu na mkonge, na kaburini sikuwaza kitu kingine ila yule wa gari.

Alikuja mazikoni. Akatupa udongo wake kama wengine. Alikuwa ameacha kazi ya sigara, maana upepo ulishaanza kugeuka: mabasi yamebandikwa vibao vya kukataza kuvuta, matangazo ya spika yamepigwa marufuku, na mwalimu ambaye angevuta ubaoni angeshitakiwa. Yeye aligeuka na upepo. Alifungua duka la vifaa vya ujenzi Katesh, akavaa koti, akachaguliwa mzee wa kanisa. Na siku moja, kwenye semina ya vijana, nikamsikia kwa masikio yangu anasimama mbele na kusema tumbaku inachafua hekalu la Bwana. Kwa sauti ile ile ya spika! Niliinuka nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikakaa nje kwenye majani.

Kuanzia hapo nilimlipa kwa sarafu ndogo ndogo nilizokuwa nazo. Yeye ni mkubwa kwangu, na kwetu mdogo asiyetoa shikamoo ni kama amempiga mtu kofi. Sikumpa. Nilimpita sokoni, kanisani, msibani, nikimtazama usoni ili ajue kwamba nimemwona. Mke wake alileta kitambaa cha sketi, nikakirudisha kama kilivyokuja, hata kamba sikufungua. Kanisani alipopita na kikapu cha sadaka, mimi nilitoa sadaka yangu kwa kikapu cha upande wa pili. Watu wakasema fundi cherehani ana kichwa kibovu. Niliwaacha waseme.

Yote hayo hayakunitosha. Nilitaka kitu kimoja tu: asimame mbele za watu aseme kwamba alijua. Aseme aliyatazama yale maandishi, akajua maana yake, na bado akampa baba yangu. Niliota hilo nikishona, nikipalilia, nikimsuka binti yangu nywele. Na kila nilipoliota niliogopa vilevile, kwa sababu siku akisema yake, angeweza kusema na yangu. Angeweza kunyoosha kidole na kusema maneno yale yalitoka kwa nani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na waliokuwa wamesikia habari za makopo ya dawa ya kupe niliamini wamesahau.

Binti yangu akakua, akaenda chuo cha ualimu, akarudi likizo moja na uso wa mtu mwenye habari. Nilikuwa nakata kitambaa.

"Mama, kuna watu wanataka kuja."

"Wa wapi?"

Akanitajia. Alikuwa mtoto wa kiume wa yule wa gari, walisoma chuo kimoja. Nilicheka. Kisha niliona hacheki, nikaweka mkasi chini.

"Mama, mimi siolewi na baba yake."

"Unajua alichokifanya."

"Nakijua tangu sijajua kuvaa viatu. Kila siku umeniambia." Alikuwa na machozi, lakini sauti yake haikutetemeka. "Nakuuliza kitu kimoja. Utatuharibia?"

Nilisema, "Waje."

Nilijua nitakachofanya kabla hajatoka mlangoni. Siku iliyofuata nilikwenda Katesh nikanunua pakiti ya sigara. Yule binti wa dukani, ambaye ananijua, akauliza, "Shangazi, nawe umeanza uzeeni?" Nikamwambia ni za mgeni. Hakuna aliyekuwa anawawekea wageni sigara tena, hata walevi wa kilabuni walikuwa wakitoka nje kuvuta kwa aibu, kwa hiyo alinitazama mpaka nilipotoka.

Walikuja wanaume wanne: mshenga, wazee wawili, na yeye, koti limepigwa pasi. Sisi tulikuwa na baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ambaye ndiye msemaji wa nyumba tangu baba afariki. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mzee sana sasa, mkongojo magotini. Binti yangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyopasa. Salamu zikapita. Siku hizi mazungumzo ya posa hufunguliwa kwa soda, na kreti ilikuwa pale pale ukutani. Baba mdogo akaniashiria nizilete.

Nilileta sahani ndogo. Juu yake pakiti, kiberiti, na kisosi cha majivu. Nikaiweka mbele ya yule wa gari.

"Mambo gani haya?" baba mdogo akauliza.

"Mila, baba mdogo. Nyumba ya binti ndiyo inayochagua cha kumwekea mgeni."

Mmoja wa wazee wao, ambaye alionekana hajaacha, alinyoosha mkono kwa furaha. "Basi mimi nitapokea kwa niaba yake, yeye mwenzetu havuti."

"Haipokelewi kwa niaba," nikasema. "Anapokea baba wa kijana. Na kwanza asome."

Nyuma ya pazia nilisikia binti yangu anavuta pumzi, na nilijua kabisa kwamba ninamuumiza. Nilijua pia kwamba sitaishia hapo. Miaka yote ile ilikuwa imekaa kooni, na sasa mtu wangu alikuwa ameketi kwenye kiti changu, hawezi kuinuka bila kumwangamiza mwanawe.

Akavaa miwani. Akaigeuza pakiti. Maandishi yamekuwa makubwa siku hizi, hayahitaji mtoto wa shule. Akayasoma kwa sauti, vizuri, kama anavyosoma somo kanisani.

"Mwaka ule ulijua maana yake?" nikamwuliza.

Mshenga akaanza kusema kitu kuhusu yaliyopita na ndwele. Yule wa gari akamzuia kwa mkono.

"Nilijua," akasema. "Msimamizi wangu alinikataza nisivute. Alisema nitaharibu sauti na kazi ya spika inataka sauti. Kwa hiyo nilijua. Nilimpa mzee wa nyumba hii nikiwa najua, nikamkalisha kwenye kiti nikiwa najua, na mazikoni nilikuja nikiwa najua."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo zaidi ya miaka ishirini. Lilikuwa tamu. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kukionja. Nililihisi linashuka mpaka tumboni. Kisha nikakaza mwili kungojea sehemu ya pili, ile niliyoiogopa.

Alinitazama juu ya miwani. Akawasha kiberiti, akavuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akawaambia wazee: "Na yale maneno ya kwenye spika, ya yenye onyo ndiyo ya kweli, nayo niliyatunga mwenyewe. Mtu mwingine asilaumiwe kwa hayo."

Damu ilinichemka. Mtu huyu alikuwa ameniibia maneno mara moja ili auze sigara, na sasa ananiibia mara ya pili ili aonekane mwema, kwenye nyumba ya baba yangu, mbele ya mama yangu, na mimi nikae nimshukuru? Niishi na fadhila yake shingoni, nikikutana naye kwenye kila ubatizo wa wajukuu, na yeye akijua na mimi nikijua? Afadhali aibu. Sikusema ukweli kwa sababu ya wema, na sitaki msomaji anivike taji lisilo langu. Niliusema ili asinizidi.

"Muongo," nikasema. "Maneno yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesoma pakiti, mimi ndiye niliyemwambia baba ni ya kweli kwa sababu ina onyo. Hapa hapa. Wewe uliyachukua ukayapandisha juu ya gari, lakini baba alikwishafungua pakiti kwa neno langu."

Pazia lilisogea. Binti yangu alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni. Hakuna aliyemkaripia arudi ndani. Baba mdogo alikuwa anachunguza viatu vyake kwa makini ya ajabu, na nikashangaa mbona haonyeshi mshangao.

"Kaa chini, mwanangu," mama akasema.

"Sikai. Nimesema nimemuua baba."

"Kaa. Hilo tunalijua." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayetoa kitu kwenye mfuko wa ndani. "Mimi nilikuwa mlangoni siku ile. Na mlipotoka hospitali, baba yako alituita mimi na huyu mdogo wake. Akasema, mtoto ameelewa, nimeuona uso wake mbele ya daktari. Akibaki na hilo litamla. Tumpe mtu wa kumchukia. Akasema kijana yule si mwema, atatosha."

Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali, bado akitazama viatu.

"Kwa hiyo alisema mbele yako kila siku," mama akamaliza. "Pumzi hana, lakini hilo alilisema."

Nilikaa. Nilimwona baba na mito mitatu mgongoni, akivuta pumzi kwa shida ili aseme tena yule ndiye aliyeniua, mwanangu, na mimi nikimjibu kwamba sitasahau. Chuki yote ile niliyoitunza, niliyoilisha, niliyoidhani kuwa yangu, ilikuwa ni shuka alilonifunika nalo. Nilimtazama yule wa gari. Alikuwa ameduwaa kama mimi, hakuwa akijua lolote, na sigara ilikuwa imefika nusu vidoleni mwake, jivu refu likikaribia kudondoka kwenye suruali.

Wote walikuwa wanangoja nilie. Binti yangu alipiga hatua moja kunijia. Mshenga alishaanza kukunjua uso wa mtu anayetaka kuomba sala ya upatanisho.

Sikulia. Baba alinipa mtu wa kumchukia kwa pumzi zake za mwisho, na zawadi ya baba hairudishwi mbele za watu kwa sababu tu umejua bei yake. Nilimwambia yule wa gari amalize.

Aliimaliza, mpaka kwenye kichungi, akikohoa, na hakuna aliyemsaidia. Alipokizima kisosini, nikawageukia wazee, nikawaambia binti wamempata. Kisha nikaenda kufungua soda.